Bei ya Mkate

Masomo ya juma: Nehemia 1:1–11, Mithali 25:25, Wakolosai 4:7–9



Salamu zetu sisi tusemao Kiswahili ni maswali. Habari za asubuhi? Za nyumbani? Za watoto? Za tangu juzi? Na jibu liko tayari kabla swali halijaisha: nzuri. Hata aliyefiwa hujibu "nzuri" kwanza, kisha huvuta pumzi na kusema, "Ila mama hatunaye." Neno hilo dogo, ila, ndilo mlango. Anayekupenda hungoja hapo mlangoni mpaka ufungue. Aliyeuliza kwa desturi tu huwa amekwisha kupita.

Juma hili nimeuwaza sana mlango huo, na kila nikiuwaza namkumbuka mwanamke mmoja Mwingereza. Sisi watoto tulimwita Mama Nesi. Alikuja kwetu upande wa Masasi miaka ya hamsini, akitumwa na misheni ya UMCA, na akatumika katika hospitali ya misheni kwa zaidi ya miaka thelathini. Wengi walimjua kwa sindano zake. Mimi nilimjua kwa barua zake, kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi hivi, kazi ya kwenda posta kwa baiskeli kila Alhamisi ilikuwa yangu.

Mama Nesi alikuwa na njia mbili za kupata habari za kwao. Ya kwanza ilikuwa redio. Waya wake aliufunga kwenye mkorosho uliokuwa nyuma ya nyumba, na betri zikichoka alizianika juani pamoja na mihogo yetu. Jioni kengele ya Big Ben ilisikika kutoka London, ikija na kupotea kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Matangazo yale yalianzishwa kwa ajili ya watu kama yeye. BBC ilifungua huduma yake kwa nchi za mbali tarehe 19 Desemba 1932, na siku ya Krismasi mwaka huohuo Mfalme George wa Tano akawasalimu kwa redio watu wake waliotawanyika duniani. Mwaka 1957 BBC ikaanza kutangaza kwa Kiswahili pia, kwa hiyo Mama Nesi alipomaliza habari zake, wauguzi na sisi watoto tulisogea barazani kungoja zetu.

Njia ya pili ilikuwa barua za dada yake. Ziliandikwa kwenye karatasi nyembamba ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, maandishi yamejaa mpaka pembeni. Hata kwa utoto wangu niliona tofauti ya njia hizo mbili. Redio aliisikiliza akikunja bandeji. Barua aliisoma mikono ikiwa mitupu.

Na barua zenyewe zilikuwa na nini? Ukizipima kwa mizani ya gazeti, hazikuwa na kitu. Zilieleza mvua iliyonyesha siku ya kuanika nguo, na kasisi mpya ambaye mahubiri yake hayaishi, na paka wa jirani, na bei ya mkate. Nakumbuka zile zilizofika mapema mwaka 1963. Uingereza ilikuwa katika baridi kali kuliko ilivyozoea. Theluji ilianguka mwisho wa Desemba na ikakaa chini mpaka Machi. Mama Nesi alitusomea wodini, akifasiri anavyokwenda. Kwao, alisema, muuza maziwa huacha chupa mlangoni alfajiri, na ndege wadogo wa buluu na manjano wamejifunza kutoboa kifuniko chake chembamba ili wanywe malai ya juu. Sasa maziwa yameganda ndani ya chupa, yamevimba, yameinua vifuniko kama kofia. Wanawake walicheka mpaka wakashika nyuzi zao za upasuaji. "Kumbe Ulaya wezi ni ndege!" akasema mmoja. Magazeti yaliyomfikia wakati ule tuligawana kujaladia madaftari. Daftari langu la hesabu lilikuwa na picha ya barabara iliyofunikwa na theluji, na mwalimu akaniuliza chumvi yote ile imemwagwa na nani.

Mwaka huohuo, huko Uingereza, Dakta Richard Beeching alitoa taarifa yake juu ya reli, akapendekeza kufunga stesheni zaidi ya elfu mbili, nyingi zikiwa za vijijini. Mama Nesi alilisikia jambo hilo redioni na bandeji zake zikaendelea kukunjwa. Mwaka mmoja hivi baadaye ikaja barua ya dada yake: stesheni ya kijiji chao imefungwa, treni ya mwisho imepita, watu walisimama jukwaani kuiaga kama wanaaga jeneza. Jioni ile, kwenye sala za wodi, sauti ya Mama Nesi ilikatika. Bibi mmoja aliyelazwa karibu na mlango akamwuliza kuna nini. Mama Nesi akaona aibu kusema kwamba analia kwa ajili ya treni, lakini akasema.

Bibi yule hakucheka. Alisema, "Pole, mwanangu. Hata yetu wameing'oa."

Ilikuwa kweli. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga, ilifungwa mwaka 1962, karanga zilipokwisha kushindwa zamani. Basi wakakaa wanawake wawili, mmoja wa Uingereza na mmoja wa Masasi, wakiomboleza reli zao. Nimehudhuria ibada nyingi tangu siku ile. Chache zilikuwa na ushirika kama ule.

Nataka tuone lililotokea hapo. Habari kubwa ya stesheni elfu mbili haikumpatia mtu pole. Habari ndogo ya stesheni moja, yenye watu wanaoijua, ilimfungua mwenye nayo, na ikamfungulia jirani mlango wa kuingia.

Watu wa Kigoma wanaonyesha hata leo mahali pale Ujiji ambapo Henry Stanley alimkuta Dakta Livingstone mwaka 1871. Tunakumbuka salamu yao tu, na tumeifanya mzaha. Tunasahau mfuko. Stanley alikuwa amemletea mfuko wa barua uliotoka Unguja mwishoni mwa mwaka 1870, ukachelewa pwani, ukakaa tena Unyanyembe karibu na Tabora, ukafika Ujiji baada ya mwaka mzima. Mzee yule alikuwa ameondoka kwao mwaka 1865. Stanley anasimulia kwamba Livingstone aliupakata mfuko magotini, akaufungua, akasoma barua moja au mbili za watoto wake, uso ukang'aa. Kisha akaziweka zilizobaki, akaomba kwanza aambiwe dunia inaendeleaje. Miaka imemfundisha kungoja, na saa chache zaidi hazitamdhuru. Akasimuliwa kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa, kwamba reli imevuka Marekani toka bahari hadi bahari, kwamba Wafaransa na Waprusia wamepigana.

Napenda kuiangalia picha hiyo polepole. Habari za dunia zinaingia masikioni, na muda wote ule mikono iko juu ya mfuko. Za dunia angeweza kuletewa na msafiri yeyote. Za watoto wake zilikuwa mle tu. Na waliozibeba, porini na mabondeni, ni wapagazi ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa.

Mtume Paulo aliwajua wabebaji wa namna hiyo. Mwishoni mwa Waraka kwa Wakolosai, baada ya mafundisho mazito kuliko milima, kwamba Kristo ndiye ambaye vitu vyote vinashikamana ndani yake, Paulo anaeleza kwamba anamtuma Tikiko awaambie mambo yake yote, na kwamba Onesimo, ambaye ni mtu wa kwao, ataandamana naye. Kwa nini? Mafundisho tayari yamo katika waraka. Kilichobaki ni yale ambayo hayakufaa kuandikwa humo: analala wapi, anakula nini, kikohozi kimepona? Paulo hakuona kwamba hayo yanapunguza Injili. Aliona kwamba yatawafariji mioyo, akamtenga mtu mzima kwa kazi hiyo. Wazee wetu wamesema waraka ni nusu ya kuonana. Tikiko ndiye nusu ya pili.

Sasa tumwendee Nehemia. Yuko Shushani, ng'ambo, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Mahali pake ni pazuri na mshahara wake haukosi kufika. Ndugu yake Hanani na wenzake wanakuja kutoka Yuda, na Nehemia anawauliza juu ya watu waliosalia na juu ya Yerusalemu. Wangeweza kumjibu "nzuri." Badala yake walifungua ila: watu wamo katika dhiki na aibu, ukuta umebomoka, malango yameteketezwa kwa moto. Nehemia akaketi, akalia, akafunga, akaomba.

Angalieni miezi. Habari alizipata mwezi wa Kisleu. Mfalme aliugundua uso wake wa huzuni mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne. Katika miezi hiyo Nehemia hakuiacha kazi yake. Kila siku alitia mvinyo kikombeni, na kila siku alizibeba habari za nyumbani mbele za Mungu, mpaka mlango ulipofunguka naye akaweza kuomba ruhusa, barua na mbao. Habari ilimpita sikio ikawa chozi, ikawa sala, mwisho ikawa ukuta. Anayeuliza habari za kwao anajitwika kitu. Ndiyo maana wengine wetu tuna hekima ya kutouliza.

Lakini kuna hatari upande wa pili pia. Niliwaona wageni waliokaa kwetu miaka kumi na masikio yao hayakushuka kamwe kutoka kwenye redio. Walijua mvua ya London wasijue ya Masasi. Miili ilikuwa huku, nao hawakuwa huku wala kule. Siku hizi hawako peke yao: tunao vijana wetu Ulaya, Marekani na Uarabuni wanaolala na simu mkononi, wamejaa habari za kwetu, na hawajui jina la jirani wa mlango wa pili. Kwa watu kama hao nabii Yeremia aliandika barua, sura ya 29, akaituma Babeli. Ilitoka nyumbani, lakini haikuwaita nyumbani. Iliwaambia wajenge, wapande bustani wale matunda yake, wauombee amani mji ule walimo. Mama Nesi aliielewa barua hiyo. Alipanda michungwa nyuma ya nyumba yake, na alijua ni mtoto gani wa kijiji anakohoa. Aliyajua ya kwao na ya kwetu kwa moyo mmoja, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Mwaka 1971 alikwenda likizo kwao. Februari 15 ya mwaka ule Uingereza ilikuwa imebadili hesabu ya fedha. Zamani paundi ilikuwa shilingi ishirini, shilingi ikawa pensi kumi na mbili. Sasa paundi ni pensi mia, basi. Mama Nesi alikuwa ameyasikia hayo yote redioni, angeweza hata kuyafundisha. Lakini aliporudi, mimi nikiwa nyumbani kwa likizo ya shule ya sekondari, alinisimulia kwamba alisimama dukani kijijini kwao na kiganja wazi, kama mtoto, akamwachia mwenye duka achague sarafu mwenyewe.

"Ninyi bado mna shilingi," aliniambia akicheka. "Yetu imekufa."

Kisha hakucheka tena. Fedha siyo iliyomwuma, alisema. Alimwuliza dada yake kwa nini hakumwandikia juu ya mambo madogo kama hayo, na juu ya duka kubadili mwenyewe, na juu ya mguu wa mama yao. Kwa miaka miwili mitatu barua zilikuwa zimefupika: sote wazima, mengine utayasikia redioni. Dada yake alimjibu kwa upole tu, bila ugomvi, "Nilidhani hayakuhusu tena."

Mama Nesi akaniambia neno ambalo sikulielewa wakati ule. "Mwanangu, siku mtu atakapoacha kukuandikia bei ya mkate, ujue amekuzika."

Wapendwa, sasa niungame. Mama Nesi alistaafu miaka ya themanini, akarudi Uingereza. Mambo yakageuka: aliyekuwa akingoja habari za Uingereza chini ya mkorosho, sasa alikaa Uingereza akingoja habari za Masasi, na mwandishi wake nilikuwa mimi. Mwanzoni nilimwandikia vizuri. Halafu nikapewa usharika, na vikao, na ujenzi wa kanisa. Barua zangu zikafupika. Moja, nakumbuka kwa aibu, ilikuwa na mistari mitatu: huku sote wazima, Bwana ni mwema, habari nyingine bila shaka unazisikia kwenye redio. Mimi, mchungaji, niliyewahubiria wengine juu ya Tikiko!

Jibu lake lilichukua majuma mengi. Lilikuwa na mwandiko uliotetemeka, na sentensi moja tu ya Kiswahili katikati ya karatasi: "Mkate bei gani?"

Usiku ule niliketi na taa ya chemli nikaandika kurasa nne. Niliandika bei ya mkate, na ya unga, na kwamba korosho mwaka huu wanunuzi wanatuzungusha. Nikamwambia mchungwa mmoja umeangushwa na upepo, miwili bado inazaa na watoto wanaiba kama kawaida. Kwaya imegombana kwa sababu ya sare. Mjukuu wa yule bibi wa karibu na mlango sasa anaendesha basi, tena anaendesha vibaya.

Aliyejibu alikuwa mpwa wake, kwa Kiingereza. Macho ya shangazi yake yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo ilibidi amsomee yeye, asiyejua neno hata moja la Kiswahili. Alizitamka herufi moja moja jinsi alivyoziona, bila kuelewa, na mzee akamsikiliza, akicheka, akimwambia rudia hapo. Mpwa alikuwa na swali. Palikuwa na mahali fulani katika ukurasa wa kwanza ambapo shangazi yake aliinuka kitandani kwa hasira, akazungumza Kiswahili kwa sauti kubwa kwa muda mrefu. Je, kuna jambo baya limetokea huko?

Niliuchukua ukurasa wa kwanza wa nakala yangu nikatazama. Ilikuwa bei ya mkate. Alikuwa ameona ni ghali mno.

Ndugu zangu, maili maelfu, kipofu, kitandani, na analalamikia bei ya mkate wa Masasi kama mtu aliyetumwa dukani asubuhi ile. Hakuwa amezikwa.

Kwa juma hili, basi, mfikirieni mtu wenu mmoja aliye mbali: mtoto aliye Leicester au Muscat, dada aliyeolewa mkoa mwingine, mzee aliyehama usharika. Msimtumie video iliyokwisha kupita mikononi mwa watu mia. Mwandikieni jambo ambalo redio haitalitangaza. Na ninyi mlio mbali mnaosoma haya, ulizeni kama Nehemia alivyouliza, mkisimama mlangoni mpaka ila ifunguliwe. Kisha kilichosikika kipelekeni kwa Mungu, na baada ya hapo mkamjulie hali jirani wa mlango wa pili.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyezihesabu nywele zetu, huoni jambo lolote letu kuwa dogo mno. Tunakutajia walio mbali nasi kwa majina yao. Uwape maji ya baridi wenye kiu ya habari. Utusamehe barua tulizozifupisha, na simu tulizozikata tukisema "kwema tu" palipokuwa na machozi. Mahali ulipotupanda tuzae matunda, na kule tulikotoka tusisahaulike wala tusisahau. Utupe leo mkate wetu, na mtu wa kumwambia bei yake. Amina.